Baada ya Mwaka wa Pili, Nani Bado Anaandika?

Agosti 1999, Carnie Wilson, mwimbaji wa kundi la Wilson Phillips la Marekani, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na upasuaji huo ukaonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti. Jambo lililokuwa likifanyika kimyakimya nyuma ya milango ya hospitali likawa la hadhara, na watu wanene waliozoea kujificha wakapata mtu wa kumtaja kwa jina. Alipungua sana, akasifiwa, akaandika kitabu. Mwaka 2012 alirudi chumba cha upasuaji, safari hii kuwekewa mkanda tumboni, kwa sababu uzito ulikuwa umerudi.

Miaka zaidi ya 12 iliyo kati ya upasuaji huo wa kwanza na wa pili ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Kisu humaliza kazi yake kwa saa chache. Kazi iliyobaki hufanyika jikoni, ofisini, harusini na kitandani, kwa miaka mingi, mahali ambapo daktari hayupo. Pengo hilo siku hizi linajazwa na makundi ya mtandaoni: magrupu ya WhatsApp na Facebook ya watu waliokwisha kupasuliwa, na vikao vya video vinavyoendeshwa na hospitali zenyewe. Hoja yangu ni kwamba makundi haya huchangamka kipindi ambacho mgonjwa angeweza kuvuka hata bila hayo, kisha hulegea palepale anapoanza kuyahitaji. Anayetaka kujua kama kundi lina maana asihesabu wanachama, wala asizidiwe na picha za kabla na baada. Atazame kama kuna mtu wa mwaka wa nne ambaye bado anaandika humo.

Mtaani Dar es Salaam husemwa fulani "amekata utumbo", ingawa upasuaji unaofanyika zaidi duniani leo haukati utumbo hata kidogo. Daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba. Ule wa njia ya mkato, ambao Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa aliuanza mwaka 1966, hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto ni habari nyingine: huingizwa kwa mdomo bila mtu kukatwa, na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Hospitali ya Mloganzila, tawi la Muhimbili, inatoa huduma hiyo, na Nairobi zipo hospitali binafsi zinazofanya upasuaji kamili. Wapo pia wanaokwenda India au Uturuki, wakarudi na faili la kurasa chache na namba ya simu ya daktari aliye ng'ambo ya bahari.

Idadi yao haitapungua. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa 2015-16 ulikuta wanawake asilimia 28 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Wengi wao hawatapasuliwa kamwe, wala hawahitaji. Lakini hata sehemu ndogo ya watu wengi namna hiyo inatosha kujaza magrupu.

Kuna utafiti mmoja ambao kila kundi la aina hii lingefaa kuubandika juu kabisa ya ukurasa wake. Ni ule wa Sweden unaojulikana kama SOS, ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa njia ya mkato walifikia kilele cha kupungua kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya miaka 10, upungufu huo ulikuwa umebaki asilimia 25. Chukua mtu aliyeanza na kilo 120. Anashuka hadi kama kilo 82, halafu polepole anapanda mpaka 90. Kwa daktari haya ni mafanikio makubwa, na ni kweli: utafiti huohuo ulikuta vifo vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa. Lakini kwa mwenye mwili, aliyekwisha kuwagawia ndugu zake nguo zake kubwa zote, kilo hizo nane ni aibu. Hakuna aliyemweleza kwamba zilitarajiwa. Hapo ndipo anapoacha kuandika kwenye kundi.

Nitarudi kwenye aibu hiyo. Kwanza ni haki kueleza yale ambayo makundi haya hufanya vizuri, maana ni mengi.

Wazo la wagonjwa kusaidiana si geni, na Afrika Mashariki haikulipata kwenye simu. Marekani ilikuwa na vikundi vya kupunguza uzito tangu miaka ya 1940: Esther Manz alianzisha TOPS huko Milwaukee mwaka 1948, na mwaka 1963 Jean Nidetch wa New York akaanzisha Weight Watchers baada ya kuwakusanya rafiki zake sebuleni. Kwetu somo lilikuja na ugonjwa mwingine. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda, watu walioguswa na UKIMWI wakikaa pamoja wakati hospitali haikuwa na la kuwapa. Vikundi vya wanaoishi na virusi vilitufundisha jambo ambalo hospitali zetu zimelikubali: mtu aliyepita njia hujua mashimo yake kuliko aliyeisoma kwenye ramani.

Mashimo ya baada ya upasuaji wa tumbo mengi ni madogo na ya kila siku. Mgonjwa huambiwa ale protini gramu 60 au zaidi kwa siku. Yai moja lina takriban gramu sita, na tumbo jipya linaweza kukataa yai la pili. Huambiwa atafune sana, ale taratibu, asinywe maji pamoja na chakula, asubiri kama nusu saa. Karatasi anayopewa imeandikwa kwa jiko la nchi alikopasuliwa. Humo hamna dagaa, hamna mtindi wa maziwa ya ng'ombe wa jirani, hamna maharage yaliyopondwa wala uji wa ulezi. Anayejibu swali la "naweza kula ugali lini?" ni mwanamke wa Mwanza aliyepasuliwa miezi minane iliyopita: ukila tonge la kawaida litakukwama kifuani na utalia, anza na samaki wa mchuzi, umvunjevunje, na ugali uuache hadi mwisho, ukibaki na nafasi. Mtaalamu wa lishe wa Mumbai hawezi kuyasema hayo. Hata wa kwetu, kama hajawahi kukwamwa, huyasema kwa mbali.

Ukifika Ramadhani pwani, maswali huwa magumu zaidi. Futari huanza na tende na maji, halafu uji, halafu mihogo ya nazi na vingine vya tamu. Aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya mkato akila sukari nyingi kwa mara moja, huingia utumboni kwa kasi na kumtoa jasho, moyo ukamwenda mbio, tumbo likaharisha. Na maji ambayo ilimpasa ayanywe kidogo kidogo mchana kutwa sasa lazima yaingie usiku, katikati ya chakula ambacho hatakiwi kukichanganya nayo. Madaktari wengi humshauri mgonjwa asifunge kabisa miezi ya mwanzo, na baadaye apange na daktari wake. Lakini ushauri huo una upande wa pili ambao wenzake ndio wanaoujua: atamwambia nini mama mkwe anayemwona anakunywa maji saa nane mchana?

Siri ndiyo mzigo ulio mzito kuliko yote. Kwetu mtu akikonda ghafla watu hawampongezi moja kwa moja, humtazama kwanza. "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Kizazi kilichozika ndugu zake miaka ya 1990 kinajua swali hilo linauliza nini. Akijibu kwamba amepasuliwa, anakutana na hukumu ya pili: kumbe hukujitahidi, umenunua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakulazimika kuchagua kati ya kudhaniwa mgonjwa wa UKIMWI na kuitwa mvivu. Kundi la mtandaoni ni mahali pekee ambapo wengi wao wamewahi kusema kweli yote. Nywele zinazokatika mwezi wa nne (kawaida huota tena), ngozi inayoning'inia mikononi na tumboni, mume aliyeanza kukagua simu: hayo yote huandikwa humo saa sita usiku, na kuna mtu anayajibu.

Hilo la mume halikutungwa na umbea. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2018 matokeo yaliyoonyesha kwamba waliopasuliwa wakiwa kwenye uhusiano waliachana zaidi kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa, na waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Sijui daktari wa upasuaji anayeligusa suala hilo katika dakika zake kumi za kliniki. Kwenye kundi ni mada ya kila wiki.

Sasa hatari. Neno la hatari kuliko yote kwenye makundi haya ni "kawaida". Mtu anaandika kwamba ametapika siku kumi mfululizo, na wanakuja saba kumwambia hata mimi, vumilia, kunywa supu. Mara nyingi huwa sahihi. Lakini anayetapika mfululizo wiki za mwanzo hupoteza vitamini B1 haraka, na upungufu wake hufika kwenye ubongo: macho huyumba, miguu hukosa mizani, kumbukumbu hupotea, na akichelewa kutibiwa baadhi ya madhara hayarudi nyuma. Matibabu yenyewe ni rahisi, sindano za vitamini hiyo, na gharama yake ni ndogo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "nenda hospitali leo". Vivyo hivyo mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, homa na maumivu makali siku chache baada ya upasuaji huweza kumaanisha mshono unavuja. Jambo hilo halina mjadala wa kundi.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Katika kila duka la dawa kwetu hupatikana kwa mgongo, meno na magoti, mara nyingi bila hata cheti. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya mkato, dawa za jamii hiyo huweza kuchimba kidonda mahali kifuko kilipounganishwa na utumbo. Karatasi ya hospitali husema hivyo kwa mstari mmoja ambao mtu huusahau. Kundi zuri hulisema kila mwezi, kwa sababu kila mwezi kuna aliyeumwa jino. Kwa hiyo sikubaliani na madaktari wanaowakataza wagonjwa wao kabisa wasiingie humo. Kosa moja na wokovu mmoja vinatoka kwenye mdomo uleule. La kufanya ni kuweka sikio la mtaalamu karibu na mdomo huo.

Kwamba sikio hilo linahitajika, ushahidi upo. Watafiti wa Marekani walichambua posti za lishe katika makundi ya Facebook ya waliopasuliwa na kuchapisha matokeo mwaka 2018: zaidi ya nusu zilikuwa na makosa au hazikueleweka vya kutosha hata kusema kama ni sahihi. Na hapo wauza bidhaa hawajaguswa. Kila kundi kubwa lina mwanachama mkimya ambaye siku moja anaanza kutaja chai ya kukata mafuta ya tumbo au protini ya unga ambayo yeye mwenyewe ndiye wakala wake. Admini asiyemtoa siku hiyohiyo amegeuza wagonjwa kuwa soko.

Je, kuhudhuria kundi hupunguza uzito zaidi? Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2011 yalikuta kwamba waliohudhuria vikundi vya msaada baada ya upasuaji walipungua zaidi kuliko wasiohudhuria. Hospitali hupenda kuyanukuu. Mimi huyasoma kwa tahadhari, kwa sababu iliyo wazi: anayehudhuria ni yule ambaye mambo yake yanakwenda. Aliyerudisha kilo kumi hana hamu ya kukaa mbele ya kamera akisikiliza watu wakitaja walichopoteza. Kundi linaweza kuonekana linaponya ilhali limewachuja tu wasiopona.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mwaka wa pili. Miezi ya kwanza mtu hupungua hata akiwa mpweke kisiwani, kwa kuwa tumbo lenyewe linamzuia. Kundi kipindi hicho ni sherehe. Kila Jumatatu ni namba mpya, kila mwisho wa mwezi ni picha. Kisha mwili unazoea, njaa inarudi kidogo, vyakula laini vyenye sukari vinagundua njia, na mizani inasimama. Huku nyuma hospitali nyingi zimeshafunga faili. Mwongozo wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014 ulitaka mgonjwa afuatiliwe na kitengo kilichompasua kwa angalau miaka miwili, kisha apimwe kila mwaka maishani; na mapema mwaka 1991 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikwisha kusema ufuatiliaji ni wa maisha. Kwenye karatasi hakuna ubishi. Lakini aliyepasuliwa Istanbul akarudi Mombasa, nani atampima B12, madini ya chuma na kalsiamu mwaka wa sita? Atakumbushwa na nani?

Na hatari za kipindi hicho si kilo peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka miwili waliripoti kwamba matatizo ya ulevi hayakuongezeka mwaka wa kwanza. Yaliongezeka mwaka wa pili, hasa kwa waliofanyiwa njia ya mkato, ambao pombe huingia damuni mwao kwa kasi kubwa kuliko awali. Utafiti mwingine, uliolinganisha waliopasuliwa huko Utah na watu wanene ambao hawakupasuliwa, ulitoa picha yenye pande mbili mwaka 2007: vifo kwa jumla vilikuwa chini kwa asilimia 40, lakini vifo visivyotokana na ugonjwa, vikiwemo ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Idadi yenyewe ilikuwa ndogo, na upasuaji bado ulikuwa umeokoa wengi zaidi. Hata hivyo mtu aliyetumia chakula kama mto wa kulalia huzuni zake, ukimnyang'anya mto bila kumpa kingine, huzuni haiondoki nao. Kundi la picha na pongezi halina mahali pa mtu huyo. Akiandika kwamba amerudi kunywa, au kwamba haoni sababu ya kuamka, atajibiwa na vikaragosi vya mioyo na aya mbili za maombi, kisha mtu mwingine ataweka picha ya suruali yake mpya.

Makundi yanayoendeshwa na hospitali kwa video, ambayo yalishika kasi mwaka 2020 UVIKO ulipofunga kumbi, yana nidhamu zaidi: saa maalumu, mtaalamu wa lishe au wa saikolojia, mada. Udhaifu wake ni kwamba watu husema mbele ya daktari yale wanayodhani daktari anataka kusikia. Na yanakula bando. Kikao cha saa nzima cha video si gharama ya mzaha kwa mtu ambaye tayari ananunua vitamini kila mwezi. Ndiyo maana grupu la WhatsApp linashinda, na ujumbe wa sauti unashinda maandishi: dada anaurekodi akiwa kwenye daladala, wengine wanausikiliza wakiosha vyombo.

Lakini WhatsApp ina tundu ambalo wengi hawalifikirii. Wanachama wa grupu wanaweza kuona namba ya mwenzao, na namba hiyo ukiiingiza kwenye menyu ya kutuma pesa, jina lililosajiliwa linajitokeza. Aliyejiita "Mama Tulivu" si Mama Tulivu tena. Sheria zipo: Kenya ilitunga ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, na zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ila sheria humfikia mtu baada ya picha ya skrini kusambaa. Kabla ya hapo, ulinzi ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kazi hiyo au programu inayoficha namba, pamoja na admini anayezungumza na kila mgeni kabla ya kumwingiza.

Kama hospitali zetu zinazofanya kazi hii zingeniuliza, nisingewashauri waanzishe makundi mapya. Ningewaambia wamlipe mtaalamu wao wa lishe saa mbili kwa wiki asome grupu lililopo, kwa idhini ya wenyewe, asahihishe yaliyo hatari na ayaache mengine yaende. Wabandike juu orodha fupi ya dalili ambazo hazijadiliwi humo, pamoja na namba inayopokelewa usiku. Na watenge nafasi ya pili, ndogo, isiyo na picha wala kilo, kwa waliovuka miezi 24, iongozwe na mtu ambaye uzito wake ulirudi na bado yupo. Mtu huyo ni adimu, na ndiye wa thamani kuliko shujaa wa picha.

Haja ya nafasi hiyo sasa ina haraka ambayo haikuwepo zamani. Tangu mwaka 2021 Marekani iliporuhusu sindano za semaglutide kwa kupunguza uzito, wengi wa mwaka wa tatu na wa nne wanauliza habari za sindano hizo. Kwa baadhi yao, daktari akisimamia, zinaweza kufaa. Lakini aliyejitoa kundini kwa aibu hamuulizi daktari, huuliza wauzaji. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, nchi zenye mamlaka za dawa zenye meno. Anayenunua kalamu ya sindano kupitia akaunti ya Instagram, ikaletwa na bodaboda ndani ya mfuko wa rambo, hana namna ya kujua kilichomo. Kati ya watu wote wanaomjua, waliowahi kukaa naye kwenye grupu ndio pekee wenye sababu ya kumtumia ujumbe wa faragha kumuuliza mbona kimya.